Kibuyu cha Mtu Asiyejulikana

Mzee Mndeme aligonga fimbo chini, akasema, "Ombeni mwana wa Nakiete, hatukujui," na hapo hapo taa ya mkononi mwa mpwa wangu ikazimika.

Nilikuwa nimekaa upande wa wajomba, mahali pangu pa haki. Taa hiyo kila mtu nchini anayo, imefukiwa chini ya ngozi ya kifundo cha mkono, punje ya kijani isiyozidi harage. Ndiyo inayofungua bomba, mlango wa zahanati, basi na duka. Tunaiita kitambuzi. Nimezika watu wengi na nimeziona nyingi zikizimika, lakini kwa mtu aliyesimama anahema, sijawahi. Ombeni aliutazama mkono wake, akausugua kwenye suruali, akautazama tena.

Pembeni ya Mzee, juu ya kigoda cha peke yake, kilikaa kidude cha serikali tunachokiita Karani. Kazi yake ni kusikiliza baraza na kupeleka hukumu zetu Masjala Kuu. "Hukumu imepokelewa," kikasema kwa lugha yetu, Kingolwe safi, lafudhi ya mlimani kabisa, maana tulikifundisha wenyewe. "Imetekelezwa nchi nzima."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, na sioni aibu kulisema, kwa sababu hukumu ilikuwa ya haki. Ombeni alifungua ndiva yetu, bwawa letu la mfereji, siku ya zamu ya mama Naetwe, apate kuinyweshea kahawa yake kabla ya wenzake. Lango likamshinda kulifunga. Ukuta ukapasuka na maji yakasomba mahindi yote ya mama wa watu, pamoja na mbuzi aliyekuwa amefungwa pale. Ukuta ule niliujenga mimi kwa mikono yangu, mimi Mbonea mwashi. Tena alikiri mwenyewe bila kulazimishwa. Ningemtetea kwa lipi?

Na makofi yale yalikuwa ya jambo jingine pia. Babu zetu walihukumu kwa kujificha, DC wa kikoloni anawaita washenzi. Wakaja wengine wakawaita wazee wa hekima, lakini wakiwa na kesi yao wanapanda basi kwenda mjini. Leo baraza la Ngolwe likisema neno, bomba la Mwanza linatii. Nani hatapiga makofi?

Sasa nieleze lile ambalo kwetu halielezwi. Nalisema kwa sababu sina tena cha kulinda.

Mtu akitangazwa kwamba hajulikani, anapanda kwenye pango la Kwa Mbare. Hasalimiwi. Ukikutana naye njiani unampita tu, hata kama ni mwanao. Ndivyo mila inavyosema kwa mdomo. Lakini alfajiri mjomba mtu anapanda na kibuyu cha maziwa mgando yaliyokorogwa na asali na unga wa mtama. Asiyejulikana anakunywa mpaka tone la mwisho, na hiyo ndiyo njia yake ya kusema nimekosa, nirudisheni. Mjomba anakirudisha kibuyu na kukining'iniza mdomo chini kwenye uzio wake. Watu wakipita wanaona. Baada ya muda ukoo mmoja unaacha kibuyu chake hapo uzioni, kimejaa, nacho mjomba anakipandisha. Kisha mwingine. Vya koo zote vikishaning'inia vitupu, pamoja na cha aliyekosewa, Mzee anagonga fimbo, anatangaza kwamba msimu umepita na kwamba tunamjua fulani. Hakuna anayetamka lolote kuhusu vibuyu. Ukiulizwa, hata na mtoto wako wa kumzaa, unajibu, "Hatujui."

Hivyo mtu anaaibika lakini hafi. Ndiyo akili yote ya adhabu ile, na akili hiyo hatukuitoa. Walipokuja wale wataalamu wa kuandikisha mila, walituuliza vizuri tu, na Karani akiwa katikati anasikiliza: mtu asiyejulikana anakula nini? Wazee wakatazamana. Mzee Mndeme akajibu kama inavyopasa, "Hatujui." Wakaandika kwamba hapewi kitu. Wakauliza msimu unapita lini, akawaambia unapita baraza likisema umepita. Wakaandika na hilo, wakashukuru, wakaenda zao.

* * *

Jua la siku ile ile lilikuwa halijapinda Nakiete dada yangu alipokuja mbio, kanga inaburuza.

"Kaka, kifuko kimenyamaza."

Ombeni ana sukari tangu yuko shule ya msingi, ile ya utotoni, si yetu hii ya uzeeni. Walimwekea kifuko chini ya ngozi ya tumbo, kinampa dawa kidogo kidogo mchana kutwa. Kila saa kinaomba kibali Masjala, na cha kwanza cha asubuhi kikikubaliwa kinasema kwa sauti, "Umeamkaje, Ombeni?" Wenzake walimcheka sana kwa hilo. Naye alikuwa anakijibu kabisa, "Salama, sijui wewe," watu wanavunjika mbavu.

"Kimenyamaza vipi?"

"Nimempandia pangoni, nimekigusa. Hakitetemi. Kaka, kinaomba kibali cha nani kama hajulikani?"

Lo! Kweli tulijua kwamba bomba litamkataa, tukasema mvua ipo na kijito kipo. Tulijua basi litamkataa, tukasema aende wapi. Kifuko hakuna aliyekikumbuka, hata mimi mjomba mtu.

Tukateremka zahanati. Mlango ulinifungukia mimi na ukamfungukia Nakiete. Sista Yasinta, muuguzi wetu, alitusikiliza amesimama, akaenda kwenye kabati la dawa na kutaja jina.

"Hakuna mtu wa jina hilo," kabati likajibu.

Nikasukuma mkono wangu mbele ya jicho lake.

"Mbonea, wewe huna sukari," likasema. "Hongera."

"Hongera mama yako!" nikaliambia. "Sista, ngoja nikalete nyundo."

"Utalivunja, halafu?" Yasinta akasimama kati yangu na kabati. "Dawa imo kwenye vichupa vinavyofunguliwa na kifuko chenyewe. Ukipasua inaganda hapo hapo. Zile za sindano walishaacha kuzitengeneza. Nimepiga simu wilayani jina lake lilipotoweka kwenye orodha yangu, wamenijibu wao hawawezi kumtibu mtu ambaye hayupo."

"Ana muda gani?" Nakiete akauliza.

Sista hakutaka kujibu mbele ya mama mtu, lakini akajibu. "Siku chache. Atashikwa na kiu, kiu ya ajabu. Atatapika, kisha atahema kwa nguvu. Mpeni maji matupu. Mbonea, nakuomba, asiguse kitu kitamu. Kikombe kimoja cha asali sasa hivi ni sumu kwake."

* * *

Mzee Mndeme nilimkuta barazani kwake anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamweleza habari za kifuko, za kabati, na kwamba zimebaki siku chache. Alisikiliza huku mikono inaendelea na kazi.

"Piga fimbo leo, Mzee," nikamwambia. "Sema msimu umepita. Karani haulizi kwa nini."

"Msimu haujapita."

"Mtoto atakufa!"

"Nimesikia, Mbonea. Msimu haujapita, na wewe unajua unavyopita." Alijikaza, akashusha sauti. "Nikimrudisha leo kwa kuwa ni mgonjwa, kesho nitamrudisha nani kwa kuwa ni mwana wa ndugu yangu? Mama Naetwe nitamwambia nini?"

"Basi twende Mahakama Kuu tuwaambie ukweli. Tuwaambie kwamba asiyejulikana hulishwa, hatupwi. Kwamba walichoandika ni nusu."

Hapo aliweka gunzi chini.

"Ukweli gani?"

"Mzee, usinifanye mtoto. Ulipokuwa kijana ulikaa Kwa Mbare. Baba yangu ndiye aliyekupandishia kibuyu."

"Sijui unasema nini," akajibu. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyafuta.

Akaninyooshea kidole bondeni, kule kwenye mashamba ya chini. Zamani yalikuwa ya kampuni ya mkonge. Baraza letu ndilo lililosema ni ya Wangolwe, na kwa sheria mpya neno hilo likatosha. Kaya nyingi zinalima pale sasa, na yangu mimi ni mojawapo. "Mawakili wao kila siku wanangoja tuseme jambo moja tu," akasema, "kwamba tulichokiandikisha sicho tunachokifanya. Siku tukilisema, Karani anaondolewa, kila hukumu yetu inafutwa, na wale watu wote wanafungasha. Wewe niambie, Mbonea. Mimi ndiye mwenye fimbo. Niambie nifanye nini."

Nilimchukia kwa kuniuliza, maana alikuwa ananiuliza kweli.

* * *

Mahakama Kuu ilitusikiliza kesho yake, kwa kioo kikubwa cha ofisi ya kata, wazee wa baraza na mama Naetwe wakiwa wameitwa. Yasinta ndiye aliyeandika ombi la dharura. Jaji Rukonge alikuwa mjini, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Kwenye kona ya kioo, uso wa wakili wa kampuni ya mkonge. Kesi haikumhusu, lakini kesi ni za wazi, ana haki ya kutazama.

Ombeni tulimteremsha tumemshika mabega, tukamketisha kiti cha mbele. Midomo ilikuwa imepasuka. Alikuwa ameshika chupa ya maji na hakuitua.

"Mwombaji yuko wapi?" Jaji akauliza.

"Huyu hapa, Mheshimiwa Jaji," nikasema.

"Mimi naona kiti kitupu."

Nilidhani anatania. Nikageuka nikatazama kile kioo kidogo kinachotuonyesha sisi wenyewe. Nilikuwepo mimi nimesimama, mkono wangu umekumbatia hewa. Nakiete yupo, anapangusa hewa jasho. Kile kiti kilionekana hadi mbao za mgongo wake. Kioo nacho kilikuwa kimeitii hukumu.

"Nipo, Mheshimiwa!" Ombeni akapaza sauti, akasimama, akapunga mikono yote miwili. "Nipo hapa!"

"Mzee Mbonea, tafadhali endelea," Jaji akasema. "Naona mmekaa kimya."

Ombeni akakaa. Akanitazama na kutabasamu kidogo, lile tabasamu lake la kujifanya hakijaharibika kitu, la tangu utotoni. Jamani. Nikaona sasa liwalo na liwe, na bonde liende.

Nikalisema. Nililisema lote, kibuyu, asali, uzio, mdomo chini. Nikamtaja baba yangu, nikataja aliyempelekea. Kwenye kioo kidogo nikaona wanawake wanajifunika nyuso na mtu mmoja akitoka nje. Hakuna Mngolwe aliyewahi kusikia maneno yale yakisemwa na kinywa cha mtu. Wakili wa kampuni alikuwa ameinama, anaandika haraka haraka.

Jaji alilifungua jalada la mila yetu. "Hilo likiwa kweli," akasema, "adhabu hii si ile iliyosajiliwa, na itabidi nisimamishe hukumu hii, nichunguze na nyingine zote. Nitawauliza wenye mila. Mzee Mndeme, je, mtu asiyejulikana hupelekewa chakula?"

Mzee aliinuka kwa fimbo yake. Alitazama kiti cha Ombeni. Alimtazama yeye hasa, macho kwa macho, jambo ambalo hakuruhusiwa.

"Hatujui," akasema.

Jaji akawauliza wazee wengine, mmoja mmoja. Hatujui. Hatujui. Akamwita mama Naetwe, aliyeharibiwa shamba, akamkumbusha kwamba yuko kwenye kiapo. Mama wa watu alilia kwa sauti, akasema hatujui. Nami nikaelewa kwamba hata kama bonde lisingekuwepo wangejibu vile vile. Walikuwa wanaitunza mila. Kila aliyekana alikuwa anathibitisha maneno yangu, na sikuwa na njia ya kumweleza Jaji hivyo akaelewa.

"Kwa miaka mingi mahakama zetu zilizidharau mila za watu," akasema Jaji Rukonge, na naapa alikuwa anasema kwa moyo safi. "Zilijifanya kuzijua kuliko wenyewe. Mahakama hii haitarudia kosa hilo. Ushahidi wa mjomba mmoja hauwezi kushinda baraza zima. Naheshimu hukumu ya Wangolwe."

Wakili akafunga kompyuta yake kwa hasira. Bonde lilikuwa limepona.

Nikatukana. Nilimtukana Jaji, Karani, Mzee na mimi mwenyewe, mpaka Nakiete akanishika mkono akasema, "Kaka, basi. Tumrudishe, amechoka."

* * *

Alfajiri iliyofuata nilitoka nje nikakuta uzio wangu umejaa.

Vibuyu vya koo zote. Havikuwahi kuja kwa pamoja namna ile tangu dunia iumbwe, tena kabla hata cha kwangu hakijaning'inia, huwa vinachelewana mno, watu wanataka wabembelezwe. Vilikuwa vizito, vya moto bado kwa asali iliyopashwa. Cha mama Naetwe kilikuwepo, na najua mwaka huu hana hata asali ya kumpa mjukuu wake. Cha Mzee Mndeme nilikitambua kwa shingo yake iliyoshonwa kwa uzi wa shaba. Kilikuwa cha baba yangu. Kumbe miaka yote alikiweka.

Nikaelewa walichokuwa wanaharakisha. Vikirudi vitupu asubuhi hii, msimu unapita asubuhi hii. Ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo isiyovunja kitu, na watu wazima walikesha wanakoroga maziwa ili wampe mwanangu.

Na mimi nilikuwa na maneno ya Sista Yasinta kichwani.

Nilivipandisha Kwa Mbare kwa mti begani. Ombeni alikuwa amelala kwenye mapaja ya mama yake. Alikuwa anahema kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka, na pumzi yake inanukia ndizi zilizoiva mno.

"Nimeleta vyote," nikasema. "Sikiliza, mwanangu. Navimwaga hapo nyuma ya jiwe. Narudi navyo vitupu. Hakuna atakayejua."

Alifumbua macho. "Na cha mama Naetwe kimo?"

"Kimo."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Nilipaswa nikiweke mbali. Alikishika kwa mikono miwili.

"Ombe, Sista alisema..."

"Nina kiu, mjomba." Hakuwa analia, ila sauti yake ilikuwa imekauka. "Na maji yake niliyaiba. Sitarudi kwa kumwaga asali yake."

Akanywa. Nakiete alinitazama, nami nikamtazama. Kila mmoja alingoja mwenzake anyooshe mkono. Alikunywa kile mpaka mwisho, akapumua, akaomba kingine. Vingine nilimpokonya nikanywa mimi mwenyewe mpaka tumbo likauma, nikamwaga viwili. Lakini cha mama Naetwe alikimaliza, na cha Mzee alikimaliza, na kingine nilichokuwa nimekiweka nyuma yangu alikinyakua kwa kiu tu. Hata ningekuwa na nguvu za kumzuia, sijui kama ningemzuia. Nilitaka vitupu.

"Kaning'inize," akasema. "Kimbia, mjomba."

Nilikimbia na umri huu. Niliviangika mdomo chini uzio mzima. Mzee Mndeme alikuwa tayari anapita njiani, amevaa lubega lake la baraza tangu alfajiri. Hakusimama. Aliutazama uzio mara moja tu, akaongeza mwendo, na punde nikasikia baragumu.

Watu walikusanyika wengine hawajanawa uso. Mzee aligonga fimbo kabla hata hajakaa. "Msimu umepita," akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Msimu umepita. Tunamjua Ombeni mwana wa Nakiete."

"Hukumu imepokelewa," akasema Karani. "Imetekelezwa nchi nzima."

Vigelegele vikapasuka. Mama Naetwe alinikumbatia. Sista Yasinta alikuwa ameshatangulia mbio kupanda mlima na mkoba wake, nami nikamfuata, nacheka na kulia.

Nilimkuta Sista amepiga magoti, lakini hafanyi kitu. Mkoba haukufunguliwa. Nakiete alikuwa amekaa vile vile, kichwa cha Ombeni mapajani, anaufunika mkono wa mwanawe kwa pindo la kanga. Anaufunika, na ile taa ya kijani inaonekana kupitia kitambaa.

"Imewaka sasa hivi," akaniambia. "Kaka, imewaka, lakini yeye alishatangulia."

Ndipo nikakisikia kifuko. "Umeamkaje, Ombeni?" kilisema kwa uchangamfu, halafu kikanyamaza kidogo, kama kilivyozoea, kumngoja ajibu. Alipokaa kimya, kikaanza kazi. Niliweka kiganja juu ya tumbo lake nikakihisi kikitetema, kinasukuma dawa, kinasukuma, siku zote zile kinazilipa kwa mara moja. Hatukujua namna ya kukizima. Tulikaa nacho watatu mpaka kikaishiwa.

"Dawa imekwisha, Ombeni," kikasema. "Fika zahanati ukajaziwe. Mlango utakufungukia."